Kutu Chini ya Mpini

Wiki iliyopita nilipita kwa muuza asali mmoja pale Gongoni kununua nta, kwa sababu nilikuwa natarajia mgeni kutoka Lusu. Yule muuzaji aliweka bonge jipya juu ya meza, akalipasua kwa panga ili anipe nusu, na harufu ikatoka. Nyinyi mliokulia Tabora mnaijua harufu hiyo. Ina asali kwa mbali, ina moshi, ina gome la mti wa porini, na mwisho kabisa ina kitu kama nywele za mtoto aliyeshinda juani. Nikabaki nimesimama na mfuko wangu mkononi, mtu mzima mwenye mvi, nikimsikia marehemu baba akisema, "Chovya taratibu. Si mkate wa chai huo."

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na baiskeli ndizo zilizotulisha. Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka vijiji vya Nzega kilikuwa kitu kingine kabisa. Alikuwa anakusanya bastola za kale, zile za karne ya kumi na tisa, zilizokuja na maofisa wa Kijerumani na Wabelgiji na wasafiri wengine waliopita kwetu na misafara, wakienda ziwani au wakirudi pwani. Njia ile ilimeza watu wengi, na vitu vyao vikabaki huku: vingine ardhini kwenye mashamba, vingine juu ya dari, vingine ndani ya vihenge vya mtama. Bastola hizo ni nzito kuliko unavyofikiri. Katikati zina kile kipande cha duara kinachozunguka, chenye matundu ya risasi, na chini ya mpini zina pete ndogo ya chuma. Baba alituambia kuwa maofisa walikuwa wakifunga kamba kwenye pete hiyo na kuivaa shingoni, ili mtu akianguka akiwa na homa njiani, silaha yake isipotee.

Kabla hamjashangaa, niseme kwamba hakuna hata moja iliyoweza kupiga hata panya. Baba alikuwa ameziba midomo yake yote kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, akatoa na vile vipande vinavyogonga. Alikuwa na barua ya serikali yenye mhuri iliyoorodhesha zote tano, na kila mwaka askari alikuja kuzihesabu, akapewa kiti na chai, akaondoka.

Ya kwanza ililetwa na mkusanyaji wa vyuma chakavu, ikiwa nyekundu kwa kutu kama tofali. Mtu mwingine angeinunua yakaisha. Baba akamuuliza, "Umeitoa wapi?" Alipoambiwa Lusu, huko Nzega, akapanda basi kesho yake na kile kibastola ndani ya gunia, pamoja na barua yake kutoka kituoni, kwenda kumtafuta mwenyewe. Akamkuta Bibi Kabula, mama mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, ambaye mjukuu wake alikuwa ameiuza bila ruhusa ili apate hela ya betri za redio.

Kisa cha bastola ile Bibi Kabula alitusimulia mara nyingi, na kila mara kilikuwa tofauti. Babu wa mumewe alikuwa mpagazi wa pembe za ndovu. Kuna siku ofisa aliyekuwa anakufa kwa homa alimkabidhi mkononi. Kuna siku aliiokota mtoni. Kuna siku alimnyang'anya ofisa huyo kwa sababu alikuwa anampiga punda. Lililokuwa halibadiliki ni kwamba mzee alirudi nyumbani nayo, akaishika mpaka siku ya kufa, na kwa hiyo haiuzwi.

"Siuzi mzee wa watu," alimwambia baba.

"Usiuze, mama. Mweke kwangu kama mtu anavyoweka ng'ombe."

Huko Nzega na Igunga watu wanaelewa jambo hilo bila maelezo. Mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake baadhi awalishe. Mlishaji anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na mwenyewe anaruhusiwa kuja kuwaona siku yoyote anayotaka.

"Na maziwa yake ni yapi, fundi?" Bibi Kabula akauliza.

"Ni hizo hadithi zako."

Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo baba hakununua hata bastola moja. Zote tano alizipokea kwa mtindo huo, kila moja ina mwenyewe, na baada ya mavuno wenyewe walikuja kuziona, wakiwa na kuku au viazi au debe la karanga. Mimi niliyekuwa mdogo nilidhani kila nyumba ya fundi baiskeli inakuwa hivyo.

Kazi ya kuzitunza ilifanyika kwa nta. Mara moja kwa mwaka, kabla mawingu ya kwanza hayajakusanyika, baba aliweka debe la nta ndani ya sufuria kubwa ya maji moto, kwa sababu nta haiwekwi juu ya moto wenyewe. Bastola ilisafishwa kwa kitambaa na mafuta kidogo, ikapitishwa waya kwenye ile pete ya chini ya mpini, ikachovywa mara tatu. Mara ya kwanza nta inaingia kwenye vinyweleo vya chuma. Mara ya pili inajaza. Ya tatu inafunika. Kisha inaning'inizwa kwenye kamba ya nguo mpaka ipoe, inaviringishwa kwa kitambaa cha pamba, inalala kwenye sanduku la mninga mpaka mwenyewe aje. Kila mtoto alikuwa na kazi yake. Mimi nilichovya. Kulwa na Doto, mapacha walionifuata, mmoja alishika waya na mwingine alikoroga. Shija, kitinda mimba wetu, alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na asipohesabu alikuwa analia.

Sasa nitawaambia nilichokuwa naamini. Nilikuwa nimeona masega ya nyuki yamepasuliwa, nikaona wale watoto weupe wa nyuki, majana, wamelala ndani ya nta wakisubiri kuota mabawa. Nilikuwa nawaona pia wazee wazima kutoka Nzega wakiinamia sanduku letu na kusema, "Shikamoo babu," huku wakijifuta macho. Nikaunganisha mambo hayo mawili. Nikajua kwamba mababu wa watu wamo mle ndani, wadogo, weupe, wamejikunja, na kwamba kazi ya baba ni kuwaweka kwenye nta mpaka wakati wao wa kutoka ufike. Nilikuwa na umri wa miaka sita. Sikumwuliza mtu kwa sababu hakuna mtoto anayeuliza jambo analolijua.

Mama alipofariki, nilikuwa nimeshajua kwamba si hivyo. Miaka miwili baadaye baba naye alishikwa na homa siku ya Jumanne, akazikwa siku ya Jumapili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu, mapacha minane, Shija minne. Siku ya tatu ya msiba nilimtafuta Shija nisimwone. Nikamkuta uani, nyuma ya jiko, amekaa kando ya debe la nta iliyoganda. Alikuwa amechukua spana ya baba, ile namba kumi na tano aliyokuwa akitembea nayo mfukoni, ameibandika vipande vya nta kwa vidole mpaka haionekani.

"Unafanya nini, Shija?"

"Namweka baba."

Kumbe naye aliunganisha yale yale, na mimi nilikuwa nikidhani ni yangu peke yangu. Nikawasha moto, nikayeyusha nta, nikapitisha waya kwenye tundu la spana. Nikachovya. Akahesabu moja, mbili, tatu. Tukaiweka kwenye sanduku pamoja na zile tano, na sikumwambia kwamba hakuna atakayetoka.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kikao sebuleni kwetu. Baba mkubwa alikuwa ametoka Igunga, mtu wa ng'ombe, mpole kwa kweli, lakini mwenye haraka kwa sababu aliacha mifugo na watoto. Akasema kama mtu anayegawa mbegu. Kulwa atakwenda naye Igunga, kuchunga. Doto atakwenda kwa mama mdogo. Shija atachukuliwa na mke wa binamu yao fulani ambaye hakujaliwa mtoto. Mimi nitabaki kwa shangazi, mtaa wa Ipuli, nimsaidie kupika vitumbua.

Nilikuwa nimekaa chini karibu na mlango. Kulwa na Doto walikuwa wameshikana mikono, na tangu waseme Igunga Doto alikuwa ameukaza mkono wa mwenzake. Hawakuwahi kulala vitanda viwili.

Hapo ndipo aliposikika mtu nje akibisha hodi kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Mwangaluka humu ndani! Poleni na msiba. Nimechelewa, basi limeharibika, hata machozi yamenikauka njiani. Yuko wapi mume wangu Kulwa?"

Bibi Kabula aliwaita wavulana wote waume zake. Kulwa akatoka mbio akamkumbatia kiunoni. Bibi akaketi, akapewa maji, akanywa, akasema alichokuja nacho. Mlishaji akifa, mwenye ng'ombe huja kuwachukua. Amekuja kumchukua mzee wake.

"Vizuri," baba mkubwa akasema. "Na wengine waje wachukue vya kwao. Nyumba hii tunaifunga."

"Mnaifunga? Na hawa?"

Akaelezwa. Alisikiliza akitafuna meno yake machache, akiwatazama Kulwa na Doto walioshikana mikono tena. Kisha akageuka kwangu.

"Wewe. Nani alikuwa anachovya?"

"Mimi, bibi."

"Fundi alikuwa anakushika mkono?"

"Zamani. Siku hizi alikuwa anakaa tu."

"Haya, chovya nione. Mzee wangu ana safari ndefu, siwezi kumpakia kwenye basi bila nguo."

Shangazi akaguna kwamba hii ni kazi ya siku nyingine, lakini Bibi Kabula alikuwa ameshasimama. Tukaenda uani sote, ukoo mzima, watu wazima na kanga zao za msiba. Nikawasha moto. Doto akakoroga. Kulwa akapitisha waya kwenye pete. Nta haijui kama umefiwa. Ukichovya kwa haraka inatoa mapovu, basi nikatulia. Shija akahesabu. Alipofika tatu, nta ikawa inadondoka kwenye vumbi.

Bibi Kabula alimgeukia baba mkubwa. "Umeona? Kazi hii ina mikono minne. Ukichukua wa waya ukampeleka Igunga, na wa kukoroga sijui wapi, mzee wangu ataoza. Mimi simwondoi hapa. Na hao wengine wanne nitakwenda mwenyewe kwa wenyewe kuwaambia wasiwaondoe."

"Mama, hawa ni watoto. Hatuwezi kuwaacha watoto na vyuma."

"Nimesema muwaache na vyuma? Huyu hapa shangazi yao, mjane, anaishi peke yake na sufuria za vitumbua. Hapa hakuna moto?"

Shangazi aliinama akasukuma kuni ndani ya moto. Akasema, "Mimi vitumbua napika popote."

Baba mkubwa alikuna kichwa. Ninamheshimu mpaka leo kwa sababu hakuwa na lazima ya kukubali. Aliniita pembeni, akanisemesha kama mtu mzima. "Chuma hakili wala hakiumwi. Ukishindwa kutunza chuma, hawa watatu hutawaweza. Nakupa msimu mmoja wa masika. Mavuno nitakuja. Nikikuta hata moja ina kutu, naondoka na Kulwa, na usinililie."

"Ndiyo, baba mkubwa."

Shule niliiacha wiki hiyo hiyo, nikiwa darasa la sita. Mwalimu alikuja mara moja kuniuliza, akanikuta nimepakaa grisi mpaka viwiko, nikiziba pancha. Akaacha daftari jipya juu ya benchi, akaenda. Barua ya bastola ikabadilishwa ikawa kwa jina la shangazi. Mchana nilikuwa kibandani kwa baba, jioni nilifungua sanduku na kunusa. Nta nzima inanukia asali. Nilikuwa nanusa kama mama anavyonusa kichwa cha mtoto kujua kama ana homa.

Masika yale yalikuja kwa hasira. Bati moja juu ya chumba chenye sanduku lilikuwa limeachia msumari, na sisi tuliokuwa tumelala chumba kingine hatukujua. Wiki moja kazi ilinizidi nisifungue sanduku, na nilipolifungua nikakuta kitambaa cha juu kimelowa. Nne zilikuwa salama. Ile ya Bibi Kabula, iliyokuwa juu kwa heshima, nta yake ilikuwa imepasuka kwa chini, penye ule mwanya kati ya mpini wa mbao na chuma, upande wa kushoto. Maji yaliingia humo yakakaa. Nilipobandua nta nikaona doa la ukubwa wa harage, la rangi ya chai.

Nilisugua kwa majivu. Nikasugua kwa msasa wa baba, ule laini. Kutu ya juu ilitoka, lakini chini ilikuwa imeshakula, imeacha vishimo, na katika vile vishimo rangi ilibaki. Sikumwambia shangazi. Sikuwaambia wadogo zangu. Niliichovya mara tatu, kisha nikachukua mswaki wa zamani nikapaka tabaka la nne pale pale penye doa. Tangu siku hiyo kila nilipomwona Kulwa akila, niliona ng'ombe wa Igunga.

Mavuno yakafika. Baba mkubwa alikuja, na Bibi Kabula alikuja siku hiyo hiyo na karanga zake, na ningeapa kwamba hawakupanga. Tukatandika mkeka. Baba mkubwa aliwasha tochi mchana kweupe. Akabandua nta ya kwanza, akageuza, akamulika. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Alikuwa anafanya kwa uangalifu wa mtu anayekagua meno ya fahali. Akanyoosha mkono kwenye ya tano.

"Toa mkono," Bibi Kabula akasema. "Huyo ni wangu. Unamvuaje nguo mzee wa mwanamke mwenzio kabla hajasema?"

"Mimi si mwanamke, mama."

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Shangazi alicheka, Doto akacheka kwa kuwa shangazi amecheka. Bibi aliibandua nta kwa kucha, akaiweka bastola mapajani. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe tangu nilipomfahamu, na la pili sasa lilikuwa linalifuata. Alikuwa anatazama pembeni huku kidole gumba kikitembea juu ya chuma, kwenye matundu sita, kwenye pete, kikashuka chini ya mpini, upande wa kushoto. Kikasimama.

Naona mpaka leo ukucha wake, ulivyokuwa na nta chini yake.

Kidole kikaendelea na safari. "Hana doa," akasema. "Hata amenenepa. Mpe shikamoo, baba Igunga, ukalale."

Baba mkubwa alizima tochi. Akaweka mkono kichwani kwangu, mzito, akauacha hapo muda. Kesho yake aliondoka na karanga na salamu. Kulwa alibaki.

Usiku na mchana nilimshukuru Mungu kwa ukungu uliokuwa machoni mwa yule mama. Namna hiyo ndiyo nilivyofikiri: haoni, ndiyo maana nimepona. Na shukrani hiyo iliniumiza, maana nilijua nimemdanganya mtu kipofu juu ya babu wa mumewe. Kila mwaka alikuja, kila mwaka nilipaka tabaka la nne. Tukakua. Shangazi akatutoka, barua ikaja kwa jina langu. Kulwa na Doto wana karakana moja mpaka leo, wanagombana kila Jumatatu. Shija ni muuguzi Mwanza, na kila mwaka kabla ya mvua hunipigia simu aniulize, kwa sauti ya mzaha isiyo ya mzaha, "Dada, baba umemchovya?" Nami namjibu nimemchovya. Bibi Kabula hakuja mwaka juzi, wala mwaka jana. Mwezi uliopita tulimzika Lusu, na nikarudi nyumbani bila kuwahi kumwambia juu ya lile doa.

Mgeni niliyekuwa namtarajia, ambaye kwa ajili yake nilinunua nta, alikuwa mjukuu wake wa kike, mwalimu. Alikuja na karanga. Nikajua amekuja kumchukua mzee, na nikawa nimejiandaa kusema yote kabla hajaondoka naye. Lakini alipokwisha kusalimu alifungua kitambaa, akaigeuza bastola, akatazama moja kwa moja chini ya mpini.

"Upande wa kushoto," akasema. "Ukubwa wa harage. Kumbe kweli."

"Nani alikuambia?"

"Bibi. Alinituma. Akasema, 'Nenda kamsalimie mzee, wala usimwondoe. Na yule mchovyaji umwambie niliiona siku ile ile, kidole changu hakikuwa na mtoto wa jicho.' Akasema mzee wake alivuka mapori yote yale, kutu kidogo haimuui. Ila yule mtoto aliyekuwa ameshikana mkono na mwenzake..." Yule mwalimu akaacha hapo. "Hakumaliza. Alilala."

Kisha nikaenda uani nikawasha moto, nikaweka maji, nikaweka debe. Mwalimu alishika waya. Nilichovya mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, tukaining'iniza kwenye kamba ya nguo. Mswaki ulikuwa pale juu ya kopo, tayari, kama ulivyokuwa miaka yote. Sikuuchukua.